Mshahara wa Serikali na wa Sekta Binafsi: Mfanyakazi wa Kyela Alinganishe Nini?

Tangu Julai 2025, kima cha chini cha mshahara kwa mtumishi wa umma nchini ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kutoka shilingi 370,000. Ongezeko hilo la asilimia 35.1 lilitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan katika maadhimisho ya Siku ya Wafanyakazi Duniani yaliyofanyika Singida tarehe 1 Mei 2025. Kwa upande wa sekta binafsi, amri mpya ya kima cha chini iliyotangazwa Oktoba 2025 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Amri hiyo ilipandisha kiwango cha wastani kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322.

Kwa kuangalia namba hizo mbili pekee, mtumishi wa ngazi ya chini serikalini anamzidi mwenzake wa sekta binafsi kwa shilingi 141,678, yaani takriban asilimia 40. Hata hivyo, mshahara ni zaidi ya namba iliyoandikwa kwenye tangazo. Yapo makato, saa za kazi, bima, pensheni, uhakika wa ajira na muda ambao mfanyakazi hungoja kabla ya kupandishwa. Makala haya yanafafanua namna ya kulinganisha mambo hayo, kwa mifano kutoka wilayani Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako waajiri wa aina zote mbili hukutana kila siku katika eneo dogo.

Viwango viwili, taratibu mbili

Mishahara ya watumishi wa umma hupangwa kwa ngazi zinazotumika nchi nzima. Watumishi wa kada za jumla wapo katika ngazi za TGS, walimu katika TGTS na watumishi wa afya katika TGHS. Kila ngazi ina daraja la kuanzia na hatua za nyongeza ya mwaka. Kwa sababu hiyo, mwalimu mwenye stashahada aliyeko Ipinda, Matema au Ngonga huanza na mshahara uleule anaoanza nao mwenzake wa Dodoma au Dar es Salaam. Majadiliano kati ya Serikali na vyama vya wafanyakazi yanaongozwa na Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003.

Sekta binafsi hufuata njia nyingine. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 inampa Waziri mwenye dhamana ya kazi mamlaka ya kutoa amri ya kima cha chini baada ya bodi za mishahara za kisekta kutoa mapendekezo. Amri hiyo haina kiwango kimoja kwa wote. Kilimo kina kiwango chake, vivyo hivyo shule binafsi, hoteli, ulinzi, uchukuzi, uvuvi, taasisi za fedha na kazi za nyumbani. Shilingi 358,322 ni wastani; mfanyakazi anayetaka kujua haki yake hana budi kusoma kiwango cha sekta yake.

Tofauti ndani ya sekta binafsi yenyewe ni kubwa kuliko tofauti kati yake na Serikali. Katika amri ya mwaka 2013, kiwango cha kilimo kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi, shule binafsi shilingi 140,000 na taasisi za fedha shilingi 400,000. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 140,000 kwa kilimo, 207,000 kwa shule binafsi na 592,000 kwa taasisi za fedha. Kwa hiyo, karani wa benki na kibarua wa shamba, wote wakiwa wa sekta binafsi, walitofautiana zaidi ya mara nne kwa mujibu wa amri ileile.

Ikumbukwe pia kwamba kima cha chini ni sakafu. Mwajiri anaruhusiwa kulipa zaidi, na wengi hulipa zaidi kwa wenye ujuzi. Hairuhusiwi kulipa chini yake, hata kama mfanyakazi amekubali kwa maandishi.

Kinachobaki mkononi

Mtumishi wa umma anayelipwa shilingi 500,000 hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ambayo ni shilingi 25,000. Hukatwa pia asilimia 3 ya bima ya afya, yaani shilingi 15,000. Kodi ya mapato hutozwa kwa kiasi kinachozidi shilingi 270,000 baada ya kuondoa mchango wa pensheni. Kwa asilimia 8, kodi hiyo ni shilingi 16,400. Kinachobaki ni shilingi 443,600, kabla ya makato mengine kama ada ya chama cha wafanyakazi au marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo ni asilimia 15 ya mshahara.

Mfanyakazi wa sekta binafsi anayelipwa shilingi 358,322 na kuchangia asilimia 10 katika NSSF hukatwa shilingi 35,832. Kodi yake ni takriban shilingi 4,199. Mkononi hubaki na shilingi 318,291. Endapo mwajiri wake hana mpango wa bima ya afya, gharama ya matibabu yake na ya familia hutoka katika fedha hiyo hiyo.

Tofauti iliyobaki ni shilingi 125,309 kila mwezi. Nyuma yake ipo tofauti nyingine isiyoonekana katika hati ya malipo. Mchango wa pensheni kwa wote wawili ni asilimia 20 ya mshahara, lakini mgawanyo wake haufanani. Serikali, ikiwa mwajiri, huchangia asilimia 15 na mtumishi asilimia 5. Katika sekta binafsi mzigo huo kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu. Hivyo mfanyakazi wa sekta binafsi hubeba kutoka mfukoni mwake mara mbili ya anachobeba mtumishi wa umma, kwa asilimia ya mshahara, ili kujenga akiba inayolingana.

Waajiri wawili katika mji mmoja

Wilaya ya Kyela, yenye wakazi zaidi ya 260,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, ni mahali pazuri pa kuliona suala hili. Katika mpaka wa Kasumulu, maofisa wa forodha na uhamiaji hufanya kazi hatua chache kutoka kwa makarani wa mawakala wa forodha, ambao ni waajiriwa wa kampuni binafsi. Katika bandari za Itungi na Kiwira, wafanyakazi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania wanaohudumia meli za MV Mbeya II, MV Njombe na MV Ruvuma hushirikiana na wapakiaji wa mizigo wanaolipwa kwa siku au kwa kazi. Meli hizo tatu zilijengwa palepale Itungi na kampuni binafsi ya Kitanzania kwa fedha za umma, kwa hiyo hata chombo kimoja kimepitia mikono ya waajiriwa wa pande zote mbili.

Sekta ya afya inatoa mfano ulio wazi zaidi. Ipo Hospitali ya Wilaya ya Kyela, ambayo watumishi wake hulipwa na Hazina. Ipo pia Hospitali ya Matema, ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Konde, inayowahudumia wananchi wa ukanda wa ziwa. Waajiriwa wa taasisi za dini huhesabiwa katika sekta binafsi, na mishahara yao hutegemea uwezo wa taasisi. Kwa utaratibu wa ubia, Serikali hupeleka watumishi wake katika baadhi ya hospitali za mashirika ya dini nchini. Panapokuwa hivyo, wauguzi wawili wenye cheti kimoja wanaweza kupokeana zamu katika wodi moja huku mmoja akilipwa kwa ngazi ya TGHS na mwingine kwa mkataba wa taasisi.

Athari yake huonekana pale nafasi za Serikali zinapotangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Watumishi wenye uzoefu huomba na kuondoka, na taasisi iliyowapa uzoefu huo hulazimika kuanza upya. Kwa mgonjwa wa Ikombe, kijiji cha pembezoni mwa ziwa kilichozoea usafiri wa mtumbwi na boti kufika Matema, kuondoka kwa mkunga mmoja ni jambo zito. Ndiyo maana ulinganisho wa mishahara unawahusu pia wananchi wasio waajiriwa.

Shuleni hali ina sura yake. Mwalimu wa shule ya Serikali ana ngazi ya mshahara inayojulikana, likizo yenye malipo na nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi hupata posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na mkuu wa shule ya sekondari shilingi 250,000, utaratibu ulioanza katika mwaka wa fedha 2016/17. Mwalimu wa shule binafsi anaweza kulipwa zaidi ya hapo katika shule yenye wanafunzi wengi na ada ya uhakika, na anaweza kulipwa pungufu au kucheleweshewa pale ada zinapokwama. Mshahara wake hupanda na kushuka pamoja na hali ya mfuko wa mzazi.

Saa za kazi zihesabiwe

Kosa la kawaida katika ulinganisho ni kuangalia mshahara wa mwezi bila kuhesabu saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Anayefanya kazi usiku anastahili nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa kila saa ya usiku.

Kwa saa 45 za wiki, mwezi una takriban saa 195 za kazi. Mshahara wa shilingi 358,322 ni sawa na shilingi 1,837 kwa saa. Mlinzi anayelinda ghala la kakao au la mchele kwa saa 12 kila usiku, siku sita kwa wiki, hufikisha saa 72 kwa wiki, sawa na 312 kwa mwezi. Akilipwa kiasi kilekile bila malipo ya ziada, saa yake moja inashuka hadi shilingi 1,148. Kiwango cha mwezi kinaonekana kimetimizwa, lakini sheria imevunjwa mara mbili: katika wingi wa saa na katika malipo yake.

Watumishi wa umma nao wana malalamiko ya aina hii, hasa wauguzi na walimu wa vituo vyenye upungufu wa watumishi, ambako mtu mmoja hufanya kazi ya wawili. Ngazi ya mshahara haibadiliki kwa sababu kituo kina watu wachache.

Ngazi za juu

Kadiri elimu na ujuzi vinavyopanda, pengo hupungua na mara nyingine hugeuka. Mhasibu mwandamizi, mhandisi, mtaalamu wa mifumo ya kompyuta au daktari bingwa anaweza kupata zaidi katika benki, kampuni ya simu, mgodi au hospitali binafsi ya mjini. Hali hii imeonekana katika nchi nyingi duniani: Serikali huwalipa walio chini vizuri kuliko soko, na huwalipa walio juu pungufu ya soko. Takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuhusu ajira na kipato zimekuwa zikionesha wastani wa mshahara wa sekta ya umma ukiwa juu ya ule wa sekta binafsi. Wastani huo usomwe kwa uangalifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya watumishi wa umma ni walimu, wauguzi na wataalamu wenye vyeti, ilhali sekta binafsi inajumuisha vibarua, walinzi na wahudumu wengi.

Kenya imelipa suala hili chombo cha kikatiba. Katiba yake ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, inayopanga malipo ya viongozi wa umma na kushauri kuhusu malipo ya watumishi wengine.

Miaka ya kusubiri

Historia inaonesha kwamba mshahara wa Serikali haujawahi kuwa suala la hesabu pekee. Mwezi Oktoba 1966, Mwalimu Julius Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, na mishahara ya mashirika ya umma ikawekwa chini ya usimamizi wa pamoja. Lengo lilikuwa kupunguza pengo kati ya mwenye ofisi na mkulima.

Mwaka 2010, Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TUCTA, lilidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutangaza mgomo. Serikali ilieleza kuwa isingeweza kumudu kiwango hicho, na mgomo haukufanyika. Kati ya mwaka wa fedha 2015/16 na Julai 2022, kima cha chini cha watumishi wa umma hakikupandishwa. Kilipopandishwa mwaka 2022, kilikwenda juu kwa asilimia 23.3. Nyongeza za mwaka zilizokuwa zimesimama zilitangazwa kurejea katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2023 mjini Morogoro.

Sekta binafsi ilisubiri muda mrefu zaidi. Viwango vilivyoanza Julai 2013 viliendelea kutumika hadi mwisho wa Desemba 2022, miaka tisa na nusu. Katika muda huo wote, bei ya unga, sabuni na nauli haikusubiri. Kwa mfanyakazi wa pande zote mbili, hasara iliyotokana na kusubiri inaweza kuwa kubwa kuliko pengo linalolinganishwa leo.

Uhakika wa ajira nao una thamani. Mfano wa karibu ni mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, ulioko juu ya bonde la Kyela. Ulijengwa na Serikali miaka ya 1980, ukabinafsishwa mwaka 2005, kisha ukarejea serikalini chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Madai ya malipo ya wafanyakazi wake yalizungumzwa bungeni kwa miaka kadhaa. Familia zilizoishi kwa mgodi huo zilijifunza kwamba mshahara mzuri usiolipwa haujengi nyumba.

Baada ya kustaafu

Kanuni ya pensheni sasa ni moja kwa PSSSF na NSSF. Miezi ya kuchangia hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka unaotumika katika ukokotoaji. Mkupuo, uliokuwa asilimia 33 kuanzia Julai 2022, uliongezwa mwaka 2024 hadi asilimia 40 kwa wanachama ambao mifuko yao ya awali ilikuwa ikilipa asilimia 50, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakilipwa asilimia 25.

Mstaafu aliyechangia miaka 30, wastani wa mshahara wake ukiwa shilingi milioni 12 kwa mwaka, ana pensheni kamili ya takriban shilingi 7,448,000 kwa mwaka. Akilipwa mkupuo wa asilimia 40, atapokea takriban shilingi milioni 37.2 kwa mara moja na shilingi 372,400 kila mwezi. Kwa asilimia 33, angepokea takriban milioni 30.7 na shilingi 415,900 kila mwezi. Mkupuo mkubwa hupunguza pensheni ya mwezi, na uamuzi wa matumizi yake huandaliwa mapema.

Tofauti kubwa uzeeni haitokani na kanuni, bali na miezi iliyochangiwa. Mtumishi wa umma kwa kawaida huchangia bila kukatika hadi umri wa miaka 60. Mfanyakazi wa sekta binafsi anayehama mwajiri mara kwa mara, au ambaye mwajiri wake hapeleki michango, hufika uzeeni akiwa na miezi pungufu.

Walio nje ya ulinganisho

Wananchi wengi wa Kyela hawapo katika upande wowote kati ya hizo mbili. Ni wakulima wa mpunga, kakao, michikichi na ndizi, wavuvi wa usipa na mbasa, wafinyanzi wa vyungu na wafanyabiashara wa gulio la Lyulilo. Kipato chao hufuata msimu na bei. Mwaka 2024, bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na mkulima mwenye miti iliyotunzwa aliweza kupata katika msimu mmoja fedha ambazo mwajiriwa wa ngazi ya chini huzipata kwa miezi mingi. Bei hiyo haina mkataba. Inaweza kushuka msimu unaofuata.

Vibarua wanaovuna, kupakia na kukausha mazao hayo, hata hivyo, ni wafanyakazi kwa mujibu wa sheria. Amri ya kima cha chini huweka pia viwango vya saa, siku na wiki, hivyo kulipwa kwa siku hakumwondolei mtu ulinzi wa sheria.

Je, malipo ni ya haki?

Ibara ya 23 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi. Kwa kipimo hicho, jibu linatofautiana kwa ngazi. Chini ya ngazi, mtumishi wa umma ana nafuu ya dhahiri katika mshahara, bima, mchango wa pensheni na uhakika. Katikati, nafuu hiyo hutegemea uwezo wa mwajiri binafsi. Juu, mtumishi wa umma mara nyingi hulipwa pungufu ya soko, na hubaki kwa sababu ya utulivu au wito.

Aliye katika hali dhaifu kuliko wote ni mfanyakazi wa sekta binafsi asiye na mkataba, anayelipwa chini ya kiwango na ambaye michango yake haipelekwi. Kwake yeye, haki huanza na utekelezaji wa amri iliyokwisha kutangazwa.

Pa kupata msaada

Mfanyakazi wa sekta binafsi anayelipwa chini ya kima cha chini anaweza kufika Ofisi ya Kazi ya Mkoa wa Mbeya au kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Mtumishi wa umma asiyeridhika na uamuzi wa kinidhamu hukata rufaa ndani ya siku 45 kwa mamlaka husika, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kufuata njia nyingine za sheria za kazi.

Wafanyakazi wote wanashauriwa kudai mkataba wa maandishi, kutunza hati za malipo, na kuhakiki michango yao katika PSSSF au NSSF kila mara, bila kusubiri mwaka wa kustaafu.